Dakika Ishirini

Kaa kimya, Jucileide, alisema kaka yangu,
hata mate usimeze.
Mtumbwi umesimama, kasia limelala magotini,
saa imefungwa ubaoni kwa uzi wa nailoni.
Dakika ishirini. Si moja zaidi.

Piraruku hawezi kujificha milele:
Mungu alimpa ziwa zima, kisha akamdai,
njoo juu uvute hewa.
Naye huja, mrefu kuliko mlango wa nyumba yetu,
mkia mwekundu kama aliyefagia nao makaa.
Mkubwa hupumua kama mtu anayetua gunia.
Mdogo, kama kofi la mtoto kwenye maji.
Mkubwa ni mstari daftarini. Mdogo ni nukta.

Edivan hakuyajua haya kwa kusoma.
Miaka ile ziwa lilipokuwa la yeyote mwenye chusa na giza
alisikiliza pumzi ili aue,
akamuuzia mwenye boti ya barafu
kwa betri, kwa sukari, kwa deni
lililozaa kila mwezi.
Hadi ukafika msimu aliposikiliza usiku kucha
akasikia vyura tu.
Alirudi alfajiri, akaketi kizingitini,
akanoa chusa kisichokuwa na damu.

Afisa alikuja kutoka mjini, buti mpya, fomu kwapani.
Akacheka. Samaki wanahesabiwa kwa sikio?
Tukampeleka kwenye kidimbwi kilichokatwa na kiangazi.
Edivan akasikiliza, akasema: arobaini na mmoja.
Tulikokota nyavu siku mbili, tope hadi kifuani.
Arobaini na watatu.
Afisa akavua kofia, akajipepea.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
sisi daftari tulikuwa nalo,
lilikuwa limefichwa sikioni mwa mwizi.

Sasa mdomo wa Ziwa Acara una nyumba inayoelea,
zamu za wawili wawili, tochi, birika jeusi.
Usiku ule ilikuwa zamu yangu na Dona Eronildes.
Mtumbwi ukaingia bila taa. Tukaumulika:
Ocivaldo, mume wa dada yangu,
na samaki mmoja chini ya turubai, mkia bado unapiga.
Mimi ni shemeji yako, akasema.
Ndiyo maana sihitaji kukuuliza jina, nikasema,
nikaliandika.

Mkutano ulikaa chini ya bati la shule.
Dada hakunitazama.
Wako waliotaka afukuzwe. Wako waliosema njaa haina shemeji.
Watoto walilala juu ya madawati, sisi bado tunabishana.
Hatimaye: hana fungu msimu huu,
na alinde ziwa miezi mitatu, nusu ya zamu zake pamoja nami.
Anapika kahawa mbaya.
Hatuzungumzi sana.
Hajakosa hata usiku mmoja.

Mwaka huu mistari ilifika mia mbili na kumi na miwili.
Karatasi ya serikali ikaturuhusu sitini na watatu.
Tulivua hamsini.
Mafuriko yalichelewa, matunda ya msituni
yalidondoka kwenye ardhi kavu,
na hakuna karatasi iliyokuwepo kuyaona.

Lakini katika hesabu ile nina siri.
Siku ya mwisho, kona ya kusini, saa ilitimiza ishirini.
Nilifunga daftari, nikashika kasia,
ndipo maji yakafunguka ubavuni mwangu,
karibu mno, povu likanirukia usoni,
na pumzi moja, ndefu, nzito,
ya mtu anayetua gunia
alilolibeba tangu sijazaliwa.

Edivan, kwenye mtumbwi wa pili, aligeuza kichwa.
Alisikia. Yeye husikia yote.
Alinitazama, nikamtazama,
duara likazidi kupanuka hadi likagusa mitumbwi yote miwili.

Kalamu ilibaki nyuma ya sikio langu.